Mwaka Mmoja wa Masomo, Miezi 24 ya Simu: Jinsi ya Kupinga Ada ya Kuvunja Mkataba Uingereza

Anayekuja Uingereza kusoma shahada ya uzamili, mara nyingi huja kwa mwaka mmoja. Wiki ya kwanza, kabla hajajua hata basi la kwenda chuoni linasimama wapi, anaingia duka la simu na kutoka na simu mpya mfukoni na mkataba wa miezi 24. Baada ya miezi 12 shahada imekwisha, sanduku limefungwa, tiketi ya Dar au Nairobi imekatwa, na mkataba wa simu ndio kwanza umefika nusu ya safari. Ndipo inapokuja barua: ukitaka kuondoka kabla ya muda, lipa pauni mia tatu na kitu.

Nimesoma barua za namna hiyo nyingi kuliko nilivyotaka. Watu wakishajua kwamba unakielewa Kiingereza cha makampuni, sebule yako inageuka ofisi. Wanakuja na bahasha baada ya sala ya Ijumaa, wengine baada ya ibada ya Jumapili, na karibu wote huanza na neno moja: dhuluma. Pengine wana haki ya kulitumia. Lakini yule kijana wa huduma kwa wateja amelisikia neno hilo mara arobaini tangu asubuhi, na kwenye kompyuta yake hakuna kitufe cha dhuluma. Kipo cha hesabu iliyokosewa. Kipo cha mteja aliyeuziwa kwa maelezo ya uongo. Kipo cha notisi iliyotozwa kinyume cha kanuni. Kazi yako ni kumpa sababu yenye kitufe.

Kwa hiyo weka hasira pembeni, chukua kalamu na karatasi.

Fungua furushi kwanza

Kinachoitwa "ada" kwenye bili ya mwisho mara nyingi ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: malipo ya huduma kwa miezi iliyobaki, bei ya simu yenyewe, na siku 30 za notisi. Kila kimoja kina sheria yake. Ukivipinga vyote kwa mkupuo, utapoteza hata kile ambacho ungekipata kwa barua moja.

Anza na simu. Zamani simu na huduma vilikuwa mkataba mmoja. Mwaka 2013 O2 ilianza kuvitenganisha, na leo kampuni nyingi zinafanya hivyo: mkataba mmoja wa laini, yaani dakika, meseji na data, na mwingine wa kulipia simu kidogo kidogo. Huu wa pili ni mkopo, na unasimamiwa na sheria ya mikopo ya mwaka 1974, Consumer Credit Act. Kilichobaki humo ni deni la kitu ulichochukua, na kitu chenyewe umekishika mkononi. Usiupotezee pumzi. Una haki ya kulimaliza deni hilo mapema ukitaka, lakini ukisema usilipe kwa sababu unarudi nyumbani, hakuna msuluhishi atakayekusikiliza. Kama unaona simu yenyewe iliuzwa kwa hila, hayo ni malalamiko mengine, nayo yana mlango wake, Financial Ombudsman Service.

Notisi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huilipa bila kuuliza. Tangu Julai 2019, Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano Uingereza kama TCRA kwa Tanzania, imezikataza kampuni kumtoza mteja notisi inayoendelea baada ya siku aliyohamia kampuni nyingine. Ukihama tarehe 10 kwa utaratibu wa msimbo nitakaoueleza hivi punde, huwezi kudaiwa huduma hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata eti kwa sababu hukutoa notisi ya siku 30. Ukiuona mstari huo kwenye bili ya mwisho, uzungushie duara kwa kalamu nyekundu.

Inabaki ada yenyewe, ya miezi ya huduma ambayo hutaitumia. Kujua ni kiasi gani huhitaji kumpigia mtu simu na kusikiliza muziki nusu saa. Kwenye laini hiyohiyo, tuma neno INFO kwenda 85075. Ni bure, na jibu linakuja kwa meseji likieleza kama bado una mkataba na ukiondoka leo utadaiwa kiasi gani. Piga picha ya skrini, tarehe ionekane, ujitumie kwa barua pepe. Nimeona kesi ambapo meseji ilisema kiasi kimoja na bili ikaja na kingine, na mteja hakuwa na ushahidi kwa sababu simu alikwisha kuiuza.

Tahadhari hapa: usichanganye INFO na ndugu zake. Ukituma PAC kwenda 65075 unapewa msimbo wa kuhama na namba yako. Ukituma STAC kwenda 75075 unapewa msimbo wa kuhama na kuiacha namba. Kuomba msimbo peke yake hakuvunji mkataba. Unadumu siku 30, na usipoutumia unakufa wenyewe. Lakini siku utakapoukabidhi kwa kampuni mpya, ya zamani inaufunga mkataba na ada inaingia kwenye bili ya mwisho bila mtu kukuuliza tena. Kwa hiyo INFO kwanza, mabishano yafuate, msimbo uje mwisho.

Kagua hesabu yao

Kanuni ya Ofcom ni kwamba ada haipaswi kuzidi malipo ambayo yangebaki kwenye mkataba, na kwa kawaida iwe pungufu, kwa sababu kampuni nayo inaokoa gharama fulani ikiacha kukuhudumia. Sentensi hiyo ni silaha. Inakupa haki ya kuuliza: mmekokotoaje, na mmetoa kiasi gani kwa gharama mlizookoa?

Usidhani kampuni kubwa haikosei hesabu. Novemba 2018 Ofcom iliitoza EE faini ya pauni milioni 6.3 na Virgin Media pauni milioni 7, zote mbili kwa sababu ya ada hizihizi za kuvunja mkataba. Upande wa EE, wateja kama 400,000 waliotoka mapema walikuwa wametozwa kupita kiasi, jumla ikafika hadi pauni milioni 4.3. Kosa lenyewe lilikuwa la kitoto: wateja waliokuwa kwenye mikataba ya punguzo, ada yao ilipigwa kwa bei ya kabla ya punguzo.

Litazame kosa hilo vizuri kwa sababu wanafunzi ndio wenye mapunguzo. Tuseme mkataba wako ni pauni 30 kwa mwezi, ukapewa punguzo la mwanafunzi la pauni 6, ukawa unalipa 24. Umebakiza miezi 9. Tisa mara 24 ni pauni 216, na hicho ndicho kilele. Haki yako inaweza kuwa chini ya hapo. Kampuni ikipiga tisa mara 30 inapata 270, ikiongeza notisi ya mwezi mmoja inafika 300. Tofauti ni pauni 84, nawe hujataja dhuluma hata mara moja.

Hesabu miezi nayo, kwa vidole ikibidi. Mkataba ulianza lini? Hapa kuna mtego ambao umewanasa watu wazima na akili zao: simu inapigwa, sauti tamu inakushukuru kwa kuwa mteja mwaminifu, inakupa simu mpya au data zaidi, unajibu ndiyo. Ndiyo ile ni mkataba mpya wa miezi 24 unaoanza siku ile. Ukiona miezi iliyobaki ni mingi kuliko kumbukumbu yako, uliza tarehe ya kuanza ya mkataba wa sasa na namna ulivyokubaliwa.

Na kama muda wa mwanzo ulikwisha pita, hakuna ada kabisa. Tangu Februari 2020 kampuni inalazimika kukutaarifu kati ya siku 10 na 40 kabla ya mkataba kwisha. Watu hudhani ni tangazo, wanafuta. Itafute.

Milango ya kutoka bila kulipa ada

Si mingi, na ni vyema ujue kwa uaminifu uko kwenye mlango upi.

Wa kwanza ni siku 14. Ukinunua kwa simu au mtandaoni, una siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, ingawa utalipia huduma uliyokwisha kuitumia. Ukinunua dukani, haki hiyo ya kisheria huna. Unategemea hisani ya duka. Ndiyo maana nawashauri wageni wasikubali kushawishiwa kaunta: rudi chumbani, agiza mtandaoni, ununue na siku 14 humohumo. Tena, kama kampuni haikukueleza kuwa una haki hiyo, muda huo waweza kurefuka hadi miezi 12 zaidi. Wachache wanaijua hii.

Wa pili ni mabadiliko ya mkataba. Kampuni ikibadilisha masharti kwa namna isiyo ya faida kwako tu, inapaswa kukupa taarifa ya mwezi mmoja na haki ya kuondoka bila ada. Lakini soma vizuri: bei iliyoandikwa tangu mwanzo kwamba itapanda kila Aprili haihesabiki kuwa mabadiliko. Kwa mikataba iliyofungwa kuanzia tarehe 17 Januari 2025, ongezeko hilo lazima litajwe kwa pauni na peni wakati wa kuuziwa, si kwa asilimia ya mfumuko wa bei. Kwa hiyo ukiambiwa pauni 1.80 kisha ikaja zaidi, mlango umefunguka. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2025, O2 ilipowatangazia wateja kwamba ongezeko la Aprili 2026 litakuwa pauni 2.50 badala ya 1.80. Walipewa siku 30 za kuondoka bila ada ya huduma. Deni la simu, kwa wenye nalo, lilibaki palepale. Umeona kwa nini nilisema ufungue furushi kwanza?

Wa tatu ni kuuziwa kwa maneno ya uongo. Muuzaji alisema miezi 12, karatasi inasema 24. Alisema data itafanya kazi nyumbani Mombasa bila kulipa zaidi, na haikufanya. Alisema ukirudi kwenu unaghairi tu. Kampuni itajibu kwamba uliweka sahihi, na ukisema "sikuelewa" hufiki mbali. Ukisema "niliambiwa kinyume, na ushahidi mnao nyinyi" unafika. Kama uliuziwa kwa simu, mazungumzo huenda yamerekodiwa, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inakupa haki ya kuomba nakala ya kila walichonacho kukuhusu: rekodi za simu, maelezo ambayo wahudumu waliandika kwenye akaunti yako, barua pepe zote. Ombi ni bure na wanapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Nimeona ombi hilo likimaliza kesi kabla rekodi haijapatikana. Kuna aina ya rekodi ambazo kampuni haina hamu ya kuzisikiliza upya. Uliza pia walikutumia lini muhtasari wa mkataba. Tangu Juni 2022 wanapaswa kukupa muhtasari mfupi wa bei, muda na masharti ya kutoka kabla hujafungwa.

Wa nne ni mtandao usioshika. Hapa watu hushindwa kwa uvivu wa kuandika. "Simu haishiki nyumbani" ni maneno. Ushahidi ni daftari: tarehe, saa, mahali, ulichojaribu kufanya, kilichotokea, kwa wiki mbili mfululizo, pamoja na picha za skrini na namba za kumbukumbu za kila mara ulipolalamika. Wape nafasi ya kurekebisha. Sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inadai huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaofaa, lakini haikuahidi mnara nyuma ya kila nyumba. Kama umehamia kijiji ambacho ramani yao wenyewe ilionyesha hakuna mawimbi, hoja imelegea. Kama ramani ilionyesha kijani na wewe umekaa gizani, una la kusema.

Kifo cha mwenye laini ni jambo jingine. Mpigie mhudumu, mwambie, tuma nakala ya cheti cha kifo. Kwa kawaida ada ya huduma hufutwa. Wasipofuta, dai kwa maandishi.

Na kurudi nyumbani? Nisikudanganye. Kurudi Tanzania, Kenya au Kongo, kwisha kwa viza, kumaliza masomo, vyote hivyo si sababu ambayo sheria inaitambua. Ulijua unakuja kwa mwaka mmoja. Lakini kisicho haki chaweza kuwa ombi. Omba ushushwe kwenye kifurushi cha chini kabisa kwa miezi iliyobaki. Wakati mwingine miezi 9 ya pauni 8 ni nafuu kuliko ada. Baadhi ya kampuni huruhusu mkataba uhamishwe jina, na hapo jumuiya yetu ina utajiri ambao haijautumia: kila Septemba wanaondoka watu na wanaingia wengine, na wanaoingia wanatafuta laini. Lakini uhamisho ufanyike kampuni ikijua, mwenzako akaguliwe na jina libadilike kwenye karatasi. Mambo ya "nitakuwa nakutumia hela kila mwezi" yamevunja udugu wa watu. Namjua mama mmoja aliyemchukulia mtoto wa kaka yake mkataba kwa jina lake kwa sababu kijana alikuwa bado hana historia ya mikopo. Kijana alirudi nyumbani, simu akaondoka nayo, bili zikabaki kwa shangazi. Aliponiuliza afanye nini nilimwambia ukweli ambao hakuupenda: mwenye jina ndiye mdaiwa.

Kuna hoja moja ambayo utaisikia vijiweni na ningependa uiache hukohuko: kwamba adhabu yoyote isiyolingana na hasara halisi ni batili. Ilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya bwana Beavis aliyegomea tozo ya pauni 85 ya kuegesha gari Chelmsford, ilisema tozo yaweza kusimama kama inalinda maslahi halali na haijapita kiasi. Beavis alishindwa. Ukija na hoja hiyo, mwanasheria wa kampuni atatabasamu. Njoo na hesabu.

Barua

Lalamika kwa maandishi, hata kama umeanza kwa simu. Kama umetumia dirisha la mazungumzo kwenye tovuti yao, nakili mazungumzo yote kabla hujalifunga. Andika kwa Kiingereza, na kikiwa cha kuungaunga hakuna ubaya. Nimeona barua yenye makosa saba ya sarufi ikirudisha pauni 90. Kinachotakiwa ni mpangilio, na barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Yaliyomo yawe namna hii:

"Haya ni malalamiko rasmi. Namba ya akaunti yangu ni hii, namba ya simu ni hii. Mkataba ulianza tarehe fulani kwa miezi 24, nikilipa pauni 24 kwa mwezi baada ya punguzo. Nilihama tarehe fulani kwa msimbo wa PAC, nikiwa nimebakiza miezi 9. Bili yenu ya mwisho ni pauni 300. Napinga mambo mawili. Kwanza, mmekokotoa ada kwa pauni 30 badala ya 24 ninayolipa. Pili, mmetoza notisi ya baada ya tarehe ya kuhama, jambo ambalo kanuni za Ofcom zinakataza. Naomba mnipe mchanganuo wa ada mkionyesha gharama mlizookoa, mrekebishe bili, msimamishe ukusanyaji wa kiasi ninachobishania, na msipeleke taarifa hasi kwa wakala wa mikopo wakati malalamiko yakiendelea. Msipokubali, nipeni barua ya msimamo wa mwisho ili niende kwa msuluhishi."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye pilipili. Inamwambia msomaji kwamba unajua njia ilivyo.

Kiasi unachokikubali, kilipe. Katika mfano wetu, lipa zile 216 au angalau uandike kwamba uko tayari kuzilipa mara mchanganuo utakapokuja. Anayebisha sehemu na kulipa sehemu anaonekana mtu wa haki, na huko mbele kuna mtu wa tatu atakayewaangalia nyote wawili.

Wakikataa au wakinyamaza

Ofcom yenyewe haiamui kesi ya mtu mmoja mmoja. Inapokea taarifa, na zikiwa nyingi inachunguza, kama ilivyowafika wale wa 2018. Kesi yako inakwenda kwa mmoja wa wasuluhishi wawili, Communications Ombudsman au CISAS, na kila kampuni lazima iwe mwanachama wa mmoja wao. Tovuti ya Ofcom inaonyesha kampuni yako iko wapi. Huduma ni bure kwa mteja. Huwezi kwenda siku ileile uliyolalamika: unasubiri hadi kampuni ikupe barua ya msimamo wa mwisho, au muda wa kusubiri upite. Muda huo ulikuwa wiki 8 kwa miaka mingi, na Ofcom ikaamua kuupunguza hadi wiki 6 kuanzia Aprili 2026.

Msuluhishi anasoma karatasi. Hakuoni usoni, hasikii sauti yako ikitetemeka. Mpelekee daftari, picha za skrini, bili zilizozungushiwa duara na hesabu yako kwenye karatasi moja safi. Akiamua, wewe una hiari ya kukubali au kukataa. Ukikubali, kampuni imefungwa. Ukikataa, mahakama ya madai madogo ipo, na kwa England na Wales inapokea madai hadi pauni 10,000, lakini kwa ugomvi wa pauni 84 sijaona aliyefaidika kwenda huko.

Wakati wote huo kuna kosa moja ambalo linawagharimu watu kuliko ada yenyewe: kwenda benki na kufuta agizo la kukata fedha, kisha kukaa kimya. Kwako ni mgomo. Kwa kompyuta ya kampuni ni mteja asiyelipa. Zinafuata barua za kukumbusha, kisha notisi, kisha alama ya kushindwa kulipa kwenye taarifa zako za mikopo huko Experian, Equifax na TransUnion, nayo inakaa miaka 6. Ndani ya miaka hiyo utaomba nyumba ya kupanga, wakala atakagua, na deni la pauni 84 litakunyima chumba. Kama lazima ulizuie agizo, barua ya malalamiko itangulie na kiasi unachokikubali kilipwe kwa njia nyingine siku hiyohiyo.

Wakusanya madeni wakikuandikia, usitishike na rangi nyekundu ya bahasha. Hao si maofisa wa mahakama. Hawana ruhusa ya kuingia ndani wala kuchukua kitu. Wajibu kwa mstari mmoja: deni linabishaniwa, namba ya malalamiko ni hii. Karatasi inayotoka mahakamani ni habari nyingine. Hiyo ina siku za kujibu zinazohesabika, kwa England na Wales kwa kawaida ni 14, na ukiiacha juu ya friji hukumu inapita bila wewe.

Huulizwa sana kama deni la simu litakunyima viza siku ukitaka kurudi. Watu wanachanganya na deni la hospitali za NHS, ambalo likifika pauni 500 laweza kweli kuwa sababu ya kukataliwa. La simu ni deni la biashara binafsi. Lakini usilifanye hilo leseni ya kupanda ndege Heathrow na kuliacha nyuma. Ukirudi miaka mitatu baadaye kufanya shahada ya uzamivu, alama bado ipo, na utaikuta ikikusubiri kwenye duka lilelile la simu.

Kabla hujaondoka

Ukishinda, usiridhike na maneno ya simuni. Dai barua au barua pepe inayosema salio ni sifuri na akaunti imefungwa, na kama walikwisha kupeleka alama mbaya kwa wakala wa mikopo, iseme pia kwamba wataiondoa. Baada ya mwezi mmoja au miwili, kagua taarifa zako za mikopo mwenyewe. Ni bure.

Kisha kuna namba. Wanaorudi nyumbani huwaza deni tu, wakasahau kwamba namba ile ya Uingereza ndiyo benki inayoitumia kuwatumia msimbo wa kuingia kwenye akaunti, ndiyo WhatsApp yao, na labda ndiyo chuo kitakayoitumia kuwatafuta kuhusu cheti. Badala ya kuifunga laini, omba PAC, nunua laini ya vocha isiyo na mkataba, uihamishie namba humo kabla ya safari, kazi ya siku moja ya kazi. Hakikisha inapokea meseji ukiwa nje ya Uingereza. Weka pauni kumi, na uweke kikumbusho cha kuitumia kila baada ya miezi miwili, hata kwa meseji moja kwa jirani yako wa zamani, maana laini iliyolala kampuni huifunga na salio lake.